Jina la Haakon: Asili Yake na Matumizi Yake

Muhula uliopita, katika somo la Historia, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono akasema kwamba kitabu kina kosa. Alikuwa akisoma orodha ya wafalme wa Norwei. Humo ameandikwa Haakon wa Sita, aliyefariki mwaka wa 1380, kisha Haakon wa Saba, aliyeanza kutawala mwaka wa 1905. "Mwalimu," akauliza, "wa sita na wa saba waliachanaje miaka 525? Au mpiga chapa ameruka ukurasa?"

Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa la maana sana, na kengele ililia kabla halijajibiwa. Mpiga chapa hakukosea. Pengo hilo lipo kweli, na ndani yake mna habari ya taifa lililopoteza kiti chake cha enzi, likaja kukipata tena, na likatumia jina moja la zamani kuutangazia ulimwengu kwamba limerudi. Nimeonelea vema nijibu swali hilo katika gazeti letu, ili wanafunzi wa vidato vingine na wazazi nao wapate kusoma.

MAANA YA JINA

Norwei ni nchi ya milima na bahari, kaskazini kabisa ya Ulaya. Pamoja na Denmark na Uswidi huitwa nchi za Skandinavia. Watu wa kaskazini si wageni kabisa kwetu: mwaka wa 1963 nchi hizo tatu pamoja na Finland zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha Kibaha, chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka wa 1970 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Serikali yetu.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa Skandinavia walisema lugha zilizokaribiana sana hata wakaweza kusikilizana bila mkalimani. Katika lugha hiyo ya kale jina letu liliandikwa Hákon. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba limeunganishwa kwa maneno mawili. La kwanza lina maana ya "juu", na la pili lina maana ya "mwana" au "mzao". Basi Hákon ni "mzao wa juu", yaani mtoto aliyetoka katika ukoo wenye heshima. Wanafunzi wa Kiingereza watapendezwa kujua kwamba maneno "high" na "kin" ni ndugu wa maneno hayo mawili, kwa kuwa Kiingereza na lugha za Skandinavia zilichipuka katika shina moja.

Leo jina hilo huandikwa kwa namna nyingi. Wanorwei huandika Håkon, nao huitamka ile herufi yenye kiduara juu yake karibu kama "o" yetu ndefu, hata jina likasikika "Hookon". Kabla ya mwaka wa 1917, herufi hiyo ilipowekwa rasmi katika maandishi ya Kinorwei, sauti ile ile iliandikwa kwa "a" mbili, na jamaa ya kifalme wameshika maandishi hayo ya zamani: Haakon. Waswidi husema Håkan. Watu wa Iceland wameendelea na Hákon, ila wao huitamka "Haukon". Jina ni moja, bali kila taifa limelivika nguo zake.

JINSI MAJINA YALIVYORITHIWA

Zamani Wanorwei wengi hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alikuwa na jina lake, akafuatisha la baba yake, kama sisi tusemavyo Juma bin Hamisi au Asha binti Hamisi. Mtoto wa kiume wa Håkon aliitwa Håkonsson, yaani mwana wa Håkon, na mtoto wa kike aliitwa Håkonsdatter, yaani binti Håkon. Mwaka wa 1923 sheria ya Norwei iliwataka watu wote wawe na jina la ukoo lisilobadilika, na ndipo majina kama Haakonsen yaliposhikwa moja kwa moja. Watu wa Iceland lakini wameihifadhi desturi ya kale, na kwao mtoto wa Hákon ni Hákonarson au Hákonardóttir.

Ilikuwa desturi pia kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao, kama wafanyavyo watu wa makabila mengi ya kwetu, ili jina la mzee lisipotee. Tena kama baba alifariki kabla mtoto hajazaliwa, mtoto wa kiume alipewa jina la baba huyo.

Mfano mmoja ni maarufu katika historia ya nchi hiyo. Mwaka wa 1204 alifariki Mfalme Håkon wa Tatu. Miezi michache baadaye mwanamke aitwaye Inga alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akaitwa Håkon kwa jina la marehemu baba yake. Kwa hiyo jina lake kamili likawa Håkon Håkonsson. Wakati huo nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maadui wa baba yake walimtafuta mtoto huyo. Wafuasi wa mfalme waliitwa Birkebeiner, maana yake "miguu ya magome", kwa sababu hapo mwanzo walikuwa maskini mno hata wakajifunga magome ya miti miguuni badala ya viatu. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1206, wawili wao walimbeba mtoto yule kutoka Lillehammer, wakavuka milima yenye theluji nyingi kwa mbao za kutelezea, wakamfikisha salama upande wa pili.

Mtoto huyo alikua akawa Håkon wa Nne. Alitawala tangu mwaka wa 1217 hata mwaka wa 1263, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha, na Greenland na Iceland zikawa chini ya Norwei. Mpaka leo safari ile haijasahauliwa. Tangu mwaka wa 1932 yamefanywa mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya kilometa 54 kati ya Rena na Lillehammer, na kila mshindani hubeba mgongoni mzigo wa kilo tatu na nusu, kwa ukumbusho wa mtoto Håkon.

PENGO LA MIAKA 525

Sasa turudi kwa orodha ya wafalme. Wa kwanza wa jina hilo alikuwa Håkon aitwaye Mwema, aliyefariki karibu na mwaka wa 961. Alilelewa Uingereza katika nyumba ya Mfalme Æthelstan, na Wanorwei walimkumbuka kwa sheria zake nzuri. Wa tano alikufa mwaka wa 1319. Huyo ndiye aliyeufanya mji wa Oslo kuwa na nguvu, na ngome ya Akershus, iliyoanza kujengwa katika siku zake, ingali imesimama kando ya bahari. Wa sita alifariki mwaka wa 1380.

Haakon wa Sita alimwoa Margrete, binti wa mfalme wa Denmark, wakazaa mtoto mmoja, Olav. Mtoto huyu alikuwa tayari mfalme wa Denmark kwa upande wa mama yake, na baba yake alipokufa akairithi Norwei pia. Hivyo nchi mbili zikawa chini ya mfalme mmoja. Olav wa Nne alikufa mwaka wa 1387 angali kijana wa miaka 16, lakini muungano haukufa naye. Norwei ilikaa na Denmark mpaka mwaka wa 1814, na wafalme walikaa Denmark, wakiitwa Christian na Frederik. Mwaka huo wa 1814 Wanorwei walijiandikia katiba yao mjini Eidsvoll, wakatumaini kuwa huru. Hata hivyo walilazimika kuingia katika muungano mwingine, safari hii na Uswidi, na wafalme wao wakawa akina Karl na Oscar.

Hii ndiyo maana ya pengo. Wakulima na wavuvi waliendelea kuwaita watoto wao Håkon na Olav. Katika kiti cha enzi tu ndimo majina hayo yalimokosekana, kwa sababu kiti chenyewe hakikuwa nchini.

MWAKA WA 1905

Tarehe 7 Juni, 1905, Bunge la Norwei lilitangaza kwamba muungano na Uswidi umevunjika. Wananchi waliulizwa kwa kura mwezi wa Agosti. Walioafiki walikuwa 368,208, na waliokataa walikuwa 184 tu. Yalifanyika mazungumzo na Uswidi, na damu haikumwagika.

Ilibaki kumpata mkuu wa nchi. Viongozi walimwendea mwanamfalme mmoja wa Denmark, jina lake Carl, ofisa wa jeshi la majini mwenye umri wa miaka 33. Carl hakukubali mara moja. Alijua kwamba Wanorwei wengine walitaka jamhuri, akasema kwamba hatakuja mpaka wananchi wenyewe waulizwe kama wanamtaka mfalme. Mwezi wa Novemba wakapiga kura tena: 259,563 walitaka mfalme, na 69,264 walikataa. Ndipo Bunge lilipomchagua, tarehe 18 Novemba, naye akakubali.

Lakini angetawala kwa jina gani? Carl ni jina lile lile la Karl, na Wanorwei walikuwa wamekwisha kuwa na wafalme wa kutosha wa jina hilo kutoka nchi ya jirani. Basi akaliacha jina alilopewa na wazazi wake, akajiita Haakon wa Saba. Mtoto wake, aliyezaliwa Uingereza akaitwa Alexander, alikuwa na umri wa miaka miwili. Naye alibadilishwa jina akaitwa Olav. Msomaji atazame hesabu hizo vizuri. Wafalme wa mwisho kabla ya nchi kumezwa walikuwa Haakon wa Sita na Olav wa Nne. Sasa wangefuata Haakon wa Saba na, siku moja, Olav wa Tano. Kwa majina mawili tu, watu waliambiwa kwamba hii si nchi mpya iliyoundwa jana, bali ni ile ile ya kale, na hesabu inaendelea pale ilipokatika.

Walifika bandarini tarehe 25 Novemba, theluji ikianguka, mfalme amempakata mtoto wake mkononi. Mwaka uliofuata alitiwa taji katika kanisa kuu la Trondheim.

JINA LAJARIBIWA

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza swali la pili. Je, mtu akibadili jina, amebadilika? Haakon wa Saba alikuwa Mdenmark kwa kuzaliwa, na lafudhi ya Kidenmark haikumtoka kabisa mpaka kufa kwake. Jina lilikuwa la Kinorwei, lakini mtu angeweza kusema kwamba ni vazi la kuazima.

Yeye mwenyewe alijitahidi kulistahili. Mwaka wa 1928 alimwita kiongozi mmoja wa Chama cha Wafanyakazi aunde serikali, ingawa wengi wa tabaka la juu walikiogopa chama hicho. Alisema kwamba yeye ni mfalme wa wakomunisti pia. Hata hivyo jaribu kubwa lilikuwa bado mbele.

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliishambulia Norwei, nchi ambayo haikutaka kuingia vitani. Mizinga ya kale ya ngome ya Oscarsborg iliizamisha manowari kubwa ya Wajerumani iitwayo Blücher katika mlango wa bahari wa kuingilia Oslo. Kwa kuchelewa huko kwa adui, Mfalme, serikali na wabunge walipata nafasi ya kupanda gari la moshi na kuondoka mjini. Jioni Bunge lilikutana katika jengo la shule mjini Elverum.

Kesho yake balozi wa Ujerumani alikuja Elverum kuonana na Mfalme. Alimtaka amkubali Vidkun Quisling, Mnorwei aliyejiunga na adui, kuwa Waziri Mkuu. Mfalme hakumjibu papo hapo, kwa maana kikatiba haikuwa haki yake kuamua peke yake. Alikwenda kwa mawaziri wake katika kijiji cha Nybergsund, akawaambia kwamba shauri ni lao, na kwamba anajua taabu zitakazowapata watu. Lakini yeye hawezi kumteua mtu ambaye wananchi na Bunge hawamwamini, na ikiwa serikali itaona imelazimika kukubali, yeye ataondoka katika kiti cha enzi pamoja na ukoo wake. Mawaziri wakasimama naye, na jibu likapelekwa: Hapana.

Siku iliyofuata ndege za Ujerumani zililipiga kijiji kile kwa mabomu. Mfalme, mzee wa miaka 67, alikimbilia msituni akasimama katika theluji pamoja na mwanawe. Mapigano yaliendelea miezi miwili. Tarehe 7 Juni waliondoka Tromsø kwa manowari ya Uingereza, wakaendelea na vita kutoka London, ambako Mfalme alisema na watu wake kwa redio.

Ndipo jina lilipofanya kazi ambayo hakuna aliyeifikiria mwaka wa 1905. Alama ya Mfalme ilikuwa herufi H yenye tarakimu 7 katikati yake. Watu waliichora alama hiyo kutani, barabarani, na hata katika theluji. Wengine waliivaa kama pambo. Adui aliikataza, na walioonekana nayo waliweza kukamatwa. Tarehe 3 Agosti, 1942, Mfalme alipotimiza miaka 70, watu wengi wa Oslo walitembea na ua kifuani bila kusema neno, na baadhi yao walitiwa kifungoni kwa ajili ya ua tu. Herufi moja na tarakimu moja zilikuwa zimetosha kusema: sisi tungali na nchi yetu.

Haakon wa Saba alirudi Oslo tarehe 7 Juni, 1945, miaka arobaini kamili tangu siku ya uhuru, na miaka mitano kamili tangu alipoondoka Tromsø. Alifariki tarehe 21 Septemba, 1957. Yule mtoto aliyepakatwa katika theluji akawa Olav wa Tano, akatawala mpaka mwaka wa 1991.

JINA LILIVYOENEA

Jina hilo limekwenda mbali. Mnorwei Roald Amundsen alipofika Ncha ya Kusini ya dunia mwezi wa Desemba, 1911, mtu wa kwanza kufika huko, uwanda ule wa barafu aliuita kwa jina la Mfalme Haakon wa Saba. Huko Marekani, katika jimbo la South Dakota, ipo wilaya inayoitwa Haakon kwa heshima yake. Mwaka wa 1973 kitukuu wa kifalme alizaliwa, mjukuu wa Olav wa Tano, naye akaitwa Haakon. Kwa hesabu ile iliyomshangaza mwanafunzi wetu, mfalme afuataye wa jina hilo ni wa nane.

MWISHO

Basi swali limejibiwa: kitabu hakina kosa. Lakini nadhani habari hii ina funzo linalotuhusu zaidi ya orodha ya wafalme. Mwaka wa 1905 Carl alipewa jina lenye maana ya mzao wa ukoo wa juu. Angeweza kukaa nalo maisha yake yote kama mtu akaavyo na joho zuri. Ilikuwa pale Nybergsund, siku aliyokuwa tayari kukiacha kiti kuliko kuwasaliti waliomweka, alipolifanya jina lile kuwa lake kweli. Wahenga wetu walisema, jina jema hung'aa gizani, na katika baridi na giza la miaka ile mitano Wanorwei waliliona likiandikwa ukutani.

Kila mmoja wetu anayesoma hapa amepewa jina. Wengine ni majina ya babu, wengine ya siku au majira waliyozaliwa, wengine ya watu ambao wazazi waliwapenda na ambao sisi hatukuwahi kuwaona. Likizo inakaribia. Ningewaomba wanafunzi, mkifika nyumbani, mketi karibu na wazee mkawaulize: jina langu lilitoka kwa nani, na mtu huyo alifanya nini? Nanyi wazazi, tafadhali msichoke kuwajibu. Majibu yaandikwe katika daftari na yaletwe muhula ujao, nasi tutatafuta nafasi katika gazeti hili kwa yale yaliyo bora.